Jinsi ya kumfuatilia mbunge wa viti vya nyuma wa Uingereza ndani ya Hansard

Kazi yangu ni kutafuta kumbukumbu za mabunge kwa ajili ya waandishi wa historia na watayarishaji wa vipindi vya redio. Ombi linalonijia mara nyingi ni hili: "Nitafutie mbunge fulani wa Uingereza alisema nini kuhusu kwetu." Mwombaji huwa na nukuu moja aliyoikuta mtandaoni, haina tarehe, haina mwanzo wala mwisho. Nimeamua kuandika njia ninayoitumia ili kila mtu aweze kuifanya kazi hii mwenyewe, kwa sababu Hansard ya Uingereza, yaani kumbukumbu rasmi za yanayosemwa bungeni, iko wazi kwenye intaneti na haidai hata senti.

Kwanza tuelewane kuhusu mtu tunayemtafuta. Katika Bunge la Makabwela, lile liitwalo Commons, mawaziri hukaa viti vya mbele upande wa serikali, na wasemaji wakuu wa upinzani hukaa mbele upande wa pili. Wengine wote wako nyuma yao. Mbunge wa viti vya nyuma hana wizara, hana amri juu ya ofisa yeyote. Alicho nacho ni haki ya kusimama na kumlazimisha waziri ajibu, na jibu hilo likaandikwa. Kwa hiyo ukimsoma yeye peke yake bila kusoma alivyojibiwa, umesoma nusu.

Mfano wangu utakuwa Fenner Brockway wa chama cha Labour, ambaye wenzake walimpa jina la "Mbunge wa Afrika".

Hatua ya 1: Andika maisha yake ya bunge kwenye karatasi moja

Kabla ya kufungua mtandao, andika majina yote, majimbo, miaka, na nani alikuwa madarakani. Kwa Brockway inakuwa hivi: Leyton East, 1929 hadi 1931, Eton and Slough, 1950 hadi 1964, kisha Bunge la Malodi, lile la juu lisilochaguliwa kwa kura, kuanzia mwisho wa 1964 hadi alipofariki 1988. Jina lake kamili ni Archibald Fenner Brockway. Hapo tayari una mitego mitatu. Ukitafuta "Fenner" pekee, unaweza kukosa sehemu alizoandikwa kwa jina la kwanza au kwa jina la ukoo tu. Ukitafuta "Mr Brockway" pekee, unapoteza miaka zaidi ya 20 aliyoitwa "Lord Brockway". Na usipoandika kwamba kati ya 1951 na 1964 serikali ilikuwa ya Conservative, hutaelewa kwa nini katika kipindi hicho yeye anauliza kutoka upinzani.

Andika pia mawaziri wa makoloni wa wakati wake, kwa mfano Oliver Lyttelton, Alan Lennox-Boyd kuanzia 1954, na Iain Macleod kuanzia 1959. Swali la bunge huelekezwa kwa cheo. Jina la waziri linakuja kwenye jibu tu.

Hatua ya 2: Tafuta kwa maneno ya wakati ule

Tovuti rasmi ya Hansard ina sehemu ya kuchagua tarehe, jina la mbunge na neno. Anza na jina pamoja na kipindi kifupi, mwaka mmoja mmoja. Ukiweka miaka 14 kwa mpigo utazama.

Maneno ya kutafuta yawe yale waliyoyatumia wao. Malawi hutaikuta katika mijadala ya 1955, utaikuta Nyasaland. Zambia ni Northern Rhodesia. Tanzania bara ni Tanganyika. Kumbuka pia kwamba vitabu vya zamani vilipigwa picha na kompyuta ikasoma herufi, kwa hiyo majina ya Kiafrika mara nyingi yameharibika. Neno likigoma, tafuta jirani yake: badala ya jina la kijiji, jaribu jina la wilaya, gavana au kambi.

Na hili wengi hawalijui: bungeni kule, mbunge akimtaja mwenzake hutumia jimbo lake. Wahariri ndio huongeza jina, na si kila mahali. Ukitaka kujua wengine walimjibu vipi Brockway, tafuta pia "Eton and Slough".

Hatua ya 3: Tenganisha aina za michango

Hapa ndipo kazi ilipo, usiharakishe. Mbunge mmoja anaweza kuonekana mara mia kwa mwaka, lakini si kila kuonekana kuna uzito sawa.

Swali la mdomo utalitambua kwa namba iliyotangulia jina. Linaanza kwa mtindo uleule kila siku: mbunge fulani alimuuliza Waziri wa Makoloni kama anajua jambo fulani, au atachukua hatua gani. Swali hilo la msingi limepelekwa mapema, waziri amekuja na jibu lililoandaliwa na watumishi wa wizara. Kwa hiyo ubeti wa kwanza wa maswali na majibu mara nyingi ni mkavu.

Shuka mstari unaofuata. Utaona jina la mbunge lilelile, safari hii bila namba. Hilo ndilo swali la nyongeza. Waziri hakulijua, na anajibu kwa kichwa chake. Mimi huanza kusoma hapo kabla ya kurudi juu. Tazama kama amejibu alichoulizwa au amehamia jambo jingine. Tazama kama anaomba apewe muda. Tazama kama mbunge mwingine, hasa wa chama cha waziri mwenyewe, anasimama kuongeza chumvi. Ukikuta neno linaloonyesha mbunge alisimama tu, kisha kistari, maana yake hakupewa nafasi. Hilo nalo ni taarifa.

Majibu ya maandishi yamewekwa mbali, na katika majuzuu ya zamani yako mwishoni yakiwa na namba zao za safu (kila ukurasa umegawanywa safu mbili, na kila safu ina namba yake). Usiyapuuze kwa sababu hayana kelele. Takwimu za wafungwa, za vifo, za watumishi waliofukuzwa, mara nyingi zimo humo. Mbunge hodari huomba takwimu kwa maandishi wiki hii, kisha wiki nyingine anasimama nazo mkononi.

Halafu kuna hotuba katika mijadala, miswada binafsi, na maswali yanayofuata kauli ya waziri. Kwa mfano wa karibu zaidi, fungua kikao cha 6 Juni 2013, siku William Hague, Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, alipotangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa enzi za Hali ya Hatari, yaani miaka ya vita vya Mau Mau. Alieleza majuto, lakini serikali haikukubali kubeba dhima kisheria. Soma wabunge waliosimama baada yake mmoja mmoja, uone nani aligusa pengo hilo na nani alishukuru tu akakaa.

Hatua ya 4: Soma mjadala mmoja kuanzia juu

Nukuu iliyokatwa hudanganya. Chukua mauaji ya Hola, Kenya. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ile iliyo kando ya Mto Tana. Taarifa ya kwanza ya serikali ya koloni ilidai walikufa baada ya kunywa maji. Mjadala unaotajwa zaidi ni wa Julai, na hotuba inayotajwa zaidi ni ya Enoch Powell, mbunge wa Wolverhampton South-West, ambaye alikuwa amejiuzulu unaibu waziri Hazina Januari 1958 na sasa anakaa viti vya nyuma vya chama kilekile kinachotawala.

Mara ya kwanza nilipoitafuta nilipoteza nusu siku. Nilikuwa na tarehe 28 Julai, nikafungua 28 Julai, hamna kitu. Alisema usiku wa manane, na Hansard huhesabu kikao kwa siku kilipoanza. Iko chini ya 27 Julai 1959, juzuu 610, safu 232. Ukikosa hotuba ya usiku, rudi siku moja nyuma.

Ukiipata, pandisha juu kwanza. Powell anakamata neno lililowaita waliouawa watu wasiotimia ubinadamu, na anasema lilitoka kwa mwenzake wa chama bila kumtaja. Kujua ni nani, lazima usome waliomtangulia. Ndipo utaelewa uzito wa jibu lake kwamba huwezi kumhukumu binadamu mwenzio na kusema kwa kuwa alikuwa mtu wa namna fulani, basi kifo chake kisiwe na matokeo ambayo kingekuwa nayo. Na pale anapokataa kuwe na kiwango cha Kiafrika Afrika na kiwango cha Kiingereza nyumbani, anamwambia waziri wa chama chake mwenyewe, uso kwa uso. Kwangu mimi hizi ni kurasa ambazo kila mwalimu wa historia Kenya angepaswa kuwasomea wanafunzi.

Hatua ya 5: Jua kisichokuwamo

Hotuba ya Powell ya kuwapinga wahamiaji, ile ya 20 Aprili 1968, hutaikuta Hansard hata ukeshe. Aliitoa Birmingham, nje ya bunge. Mtu akikuletea nukuu, swali la kwanza liwe: ilisemwa ukumbini au kwenye mkutano? Tena Hansard si kanda ya sauti. Wahariri huondoa kurudiarudia na makosa ya wazi ya ulimi, kwa hiyo usijenge hoja juu ya kusitasita kwa msemaji.

Hatua ya 6: Hesabu anachokirudia

Tengeneza jedwali: tarehe, aina ya mchango, mada, waziri aliyejibu, kiini cha jibu. Baada ya miezi sita ya kumbukumbu, mada zinajipanga zenyewe. Kwa Brockway utaona, pamoja na Afrika, muswada wa kukataza ubaguzi wa rangi alioanza kuuleta 1956 na kuurudisha tena na tena bila kupita. Mwaka 1964 alipoteza jimbo kwa kura 11. Sheria ya kwanza ya mahusiano ya kijamii baina ya rangi ilipitishwa 1965, yeye akiwa tayari kwa Malodi. Ukiangalia mwaka mmoja tu utamwona mtu anayeshindwa. Jedwali la miaka tisa linaonyesha jambo jingine kabisa.

Usisahau pia siku alizofukuzwa. Julai 1930 alisimamishwa kwa kung'ang'ania India ijadiliwe, na mbunge mwenzake John Beckett akanyakua siwa kwa hasira. Kung'ang'ania kwake hakukuanza na Kenya.

Hatua ya 7: Nukuu vizuri, tafsiri kwa uangalifu

Andika hivi: Bunge la Makabwela, kikao cha 27 Julai 1959, juzuu 610, safu 232. Namba ya safu ni bora kuliko kiungo, maana viungo hubadilika.

Katika kutafsiri, linda zile heshima zao. "Rafiki mheshimiwa" ni wa chama kimoja na msemaji hata kama wanachukiana. "Mjumbe mheshimiwa" kwa kawaida ni wa upande wa pili. Likiongezwa "sana", mtajwa ni mjumbe wa Baraza la Ushauri la mfalme au malkia. Ukiyafuta yote na kuandika "mheshimiwa" tupu, msomaji wako hatajua tena nani alikuwa anampiga nani.