Namna ya Kumkumbuka Rafiki Marehemu Aliyependa Kuvua Trauti

Kabla ya kupanga lolote, zungumzeni na familia ya marehemu, kwa kuwa ukumbusho unaofanywa na marafiki bila wenye msiba kujua huzua manung'uniko yasiyo ya lazima. Ombeni chambo bandia chache alizozifunga mwenyewe kwa manyoya na uzi. Zilizobaki waachieni watoto wake, zikiwa zimepangwa kwenye kisanduku kikavu, maana unyevu hutia ndoana kutu na nondo hula manyoya.

Wanaoishi Kisumu wasifanye shughuli hiyo ufuoni mwa Ziwa Victoria kwa sababu tu ni karibu. Trauti, samaki aliyeletwa Kenya mwaka 1905, huhitaji maji baridi yenye hewa nyingi, kwa hiyo ni afadhali mpande hadi kwenye vijito vya Mlima Elgon, mkiwa na leseni ya uvuvi na, mkiingia hifadhini, kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Huko, kila mmoja arushe mshipi kwa zamu huku akisimulia jambo alilojifunza kwa marehemu (wavuvi hutia chumvi, nanyi msiwazuie). Tumieni ndoana isiyo na kijino, yaani kile kincha kidogo kinachomzuia samaki asichomoke. Samaki akinaswa, lowesheni mikono kwanza ili msimwondolee ute unaomkinga, kisha mshikeni majini akielekea mkondo unakotoka, hadi aondoke kwa nguvu zake. Mabaki ya mshipi wa nailoni rudini nayo, kwani hunasa ndege.