SOMO: Kuchagua rangi ya bafu, anza na kigae umalize na kioo

Bafu langu la kwanza nililipaka kijani kibichi. Kwenye kadi ya rangi kilipendeza mno. Kesho yake asubuhi nikasimama mbele ya kioo kunyoa ndevu, nikamwona mgonjwa. Homa sikuwa nayo. Ni kuta tu zilizokuwa zikinirushia ukijani usoni. Nilivumilia miezi mitatu, nikapaka upya. Tangu hapo, kabla sijamshauri mtu rangi ya bafu, huuliza kwanza kioo kiko wapi.

Hatua ya 1: Tazama visivyobadilika

Rangi ndiyo rahisi kuondoa kuliko kitu chochote bafuni. Vigae, sinki na bakuli la choo vitabaki palepale, basi rangi ivifuate vyenyewe. Chukua karatasi nyeupe ya kuandikia, iegemeze kwenye kigae. Kile ulichokiita cheupe miaka yote utakuta kina umanjano kwa mbali, au ukijivu, au ubluu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kigae chenye umanjano kikikaa chini ya ukuta mweupe kama theluji, kitaonekana kichafu hata ukikisugua mpaka mikono iume. Kipe krimu, rangi ya maziwa, udongo uliopauka, au kijani kilichozima kama cha mzeituni. Kigae chenye ubluu au ukijivu kinaelewana na nyeupe safi, samawati na kijivu. Vigae vyako vikiwa na maua, usiifuate ile rangi inayopiga kelele. Chukua iliyo hafifu kuliko zote.

Hatua ya 2: Soma balbu yako

Kwenye boksi la balbu kuna namba inayoishia na herufi K. Ya 2700 hadi 3000 hutoa mwanga wa njano, 4000 ni nyeupe, 6500 inaelekea ubluu. Chini ya mwanga wa njano, krimu huiva zaidi na samawati hufifia ikawa kama kijivu. Chini ya 6500, ile krimu uliyoipenda hupoa. Kama unapanga kubadili balbu, ibadili kabla ya kuchagua rangi.

Halafu kuna ushauri wa kale: bafu la giza lipakwe nyeupe. Mimi siukubali moja kwa moja. Nyeupe hung'aa kwa kurudisha mwanga, na pasipo mwanga hugeuka kijivu cha moshi, hasa kwenye pembe. Bafu lisilo na dirisha mara nyingi hupendeza zaidi na rangi ya kati yenye joto, kama mchanga au udongo mwekundu uliopauka. Na rangi hizo zinaupendeza uso.

Hatua ya 3: Jaribu kwenye ubao, si ukutani

Hatua hii usiiruke hata kama fundi ameshafika mlangoni. Tafuta kipande cha ubao mwembamba au kadibodi ngumu, angalau sentimita 30 kwa 30. Kipake mikono miwili, yaani tabaka mbili za rangi, maana mkono mmoja hudanganya. Acha pembeni ukingo mweupe, ili rangi ya zamani ya ukuta isichanganye jicho. Subiri kikauke kabisa. Rangi mbichi si rangi uliyonunua.

Kisha kitembeze. Kiweke karibu na kigae, nyuma ya mlango, juu ya sinki. Kitazame asubuhi, mchana, na usiku taa ikiwaka. Mwisho kishike kando ya uso wako mbele ya kioo. Ukijiona umechoka kuliko ulivyo, kiweke kando.

Jambo moja zaidi: bafu ni chumba kidogo, kuta zinatazamana kwa karibu na kila moja humulika mwenzake. Rangi hukolea kuliko ilivyokuwa kwenye ubao. Ukiwa umesimama kati ya mbili, chukua iliyo nyepesi kwa daraja moja.

Hatua ya 4: Mng'ao

Sitakawia hapa. Rangi isiyong'aa kabisa huficha mabonde ya ukuta lakini haipendi kusuguliwa. Inayong'aa sana hufutika vizuri, ila kila kovu la lipu litaonekana. Chagua ya kung'aa kiasi, iliyoandikwa kwenye kopo kuwa ni ya bafu au jiko. Dari nalo lipate hiyohiyo, kwa kuwa mvuke wote hupanda huko.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Napenda damu ya mzee, bafu langu ni dogo. Nimeambiwa nitajisikia nimefungiwa kabatini.
Jibu: Paka, mradi taa yako ni nzuri. Shida ya rangi nzito bafuni si udogo wa chumba, ni matone. Maji yenye chumvi nyingi na povu la sabuni huacha alama nyeupe zinazoonekana toka mlangoni. Iweke kwenye ukuta ulio mbali na bomba la kuogea.

Swali: Wiki moja baada ya kupaka, michirizi ya hudhurungi inayonata imeshuka ukutani. Nimeuziwa rangi mbovu?
Jibu: Huenda si mbovu. Rangi ya maji ikipata mvuke kabla haijakomaa, baadhi ya viambato vyake hutoka juu na kuchuruzika. Futa kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, rudia ikitokea tena, huisha yenyewe. Safari ijayo jizuie kuoga humo siku kadhaa baada ya kupaka.

Swali: Mlango na fremu nilipaka nyeupe ya mafuta, sasa zimekuwa njano. Bafu halina dirisha, jua limezichomaje?
Jibu: Ni kinyume chake. Nyeupe ya mafuta hugeuka njano kwa kukosa mwanga. Piga msasa, paka praima (rangi ya msingi inayotangulia), umalizie na nyeupe ya maji.

Swali: Ukungu unarudi kila mara kwenye pembe ya dari. Ni rangi gani itauficha?
Jibu: Hakuna. Rangi nzito itakuzuia kuuona tu, nao utaendelea kula ukuta. Ua ukungu kwa dawa yenye klorini, ukiwa umefungua mlango, na usiichanganye kamwe na amonia wala dawa ya choo yenye asidi; hewa yake ni sumu. Acha pakauke, kisha shughulika na hewa: dirisha au feni. Rangi ije mwisho.

Swali: Lipu ya saruji ina wiki mbili. Naweza kupaka?
Jibu: Bado. Subiri walau siku 28, na zaidi kama ukuta una unyevu. Magadi ya saruji mbichi hula rangi, samawati yako ibaki na mabaka. Baada ya hapo anza na praima inayostahimili magadi.

Swali: Ninunue kiasi gani? Bafu ni mita 2 kwa 1.5, urefu mita 2.6, vigae vimefika mita 1.8.
Jibu: Mzunguko ni mita 7. Juu ya vigae imebaki mita 0.8, hivyo kuta ni mita za mraba 5.6. Dari ni 3. Jumla 8.6, mara mikono miwili ni 17.2. Lita moja hupaka takriban mita 10 za mraba ukuta ukiwa laini, kwa hiyo lita 2 zinakutosha na kubaki kidogo. Hicho kilichobaki kifunike vizuri, na namba ya rangi iandike kwenye kopo kwa kalamu isiyofutika. Mimi huiandika pia nyuma ya kioo cha bafuni.