Mpenzi mpya: ya kukagua kabla hujahamisha begi

Nyanda za Juu Kusini ni njia ya watu. Barabara kuu inapita Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya hadi Tunduma, na kila mji una wageni wake: dereva wa lori, mnunuzi wa mbao, mchimbaji aliyeshuka kutoka Chunya, mwanachuo, mtumishi aliyehamishiwa juzi. Zamani watu wazima walikwenda kijijini kwa mchumba kuuliza ukoo wake kabla mambo hayajafika mbali. Siku hizi mnakutana sokoni Mwanjelwa au mtandaoni, na kazi ya kuuliza unaifanya mwenyewe. Yafuatayo ni ya miezi mitatu ya kwanza, wakati kujitoa bado ni rahisi: hakuna mimba, hamjapanga chumba pamoja, hujamkopesha. Yanawahusu wanawake na wanaume, ingawa kipigo huwaangukia wanawake zaidi.

Anza na hapana ndogo

Ukiweza kukagua jambo moja tu, kagua anavyopokea hapana. Usisubiri ugomvi mkubwa. Mpe hapana ndogo, ya kweli, mapema. Kwa mfano anataka mwonane Jumamosi jioni, nawe unajibu: "Jumamosi sitaweza, naenda kusuka na dada. Tuonane Jumapili." Kisha nyamaza. Usirundike maelezo, maana kila maelezo yanampa pa kushika.

Aliyekomaa atasema "haya, msalimie dada," labda na utani wa kulalamika kidogo. Mwingine atanuna, akuchunie siku mbili, halafu arudi na zawadi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwingine ataanza kuhoji: dada yupi, saluni ipi, mbona huwa unasuka katikati ya wiki, hebu washa video nione. Na yupo wa kuogopa zaidi kuliko hao: anakubali vizuri kabisa, halafu unatoka saluni unamkuta nje na soda mkononi, "nilikuwa napita tu." Marafiki zako watasema umependwa. Ukweli ni kwamba ulisema hapana, naye akaifanya kama haikusemwa.

Rudia kwa mambo tofauti: muda, hela, simu, mwili. Kununa mara moja hakutoshi kumhukumu mtu. Mwambie wazi kilichokukera, kisha angalia wiki mbili zinazofuata. Wapo wanaoomba radhi kwa ufasaha mkubwa na kurudia lile lile Ijumaa. Hapana ya mwili peke yake haina nafasi ya pili. Anayekuambia "kama unanipenda utakubali", anayevua kondomu kimyakimya, au anayeendelea baada ya kuambiwa acha, amekwisha kujieleza.

Haraka yake ina kazi

Wiki ya pili unaitwa "mke wangu", simu mpya imeletwa, na picha yako iko statasi yenye pete za kuchora. Au: "Mungu amenionyesha wewe ndiye." Hatupingi maono, ila kama ameonyeshwa yeye peke yake, ngoja na wewe uonyeshwe. Haraka ni dalili kwa sababu inakunyima muda wa kumchunguza.

Angalia sana suala la chumba. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, kwa hiyo mtu anayejitolea kukutoa ulikopanga na kukulipia karibu na kwake, ndani ya mwezi wa kwanza, anaonekana ni baraka. Tatizo linakuja mwezi wa pili: ufunguo wa akiba anao yeye, na rafiki akija kukutembelea anaulizwa anakuja kwenye nyumba ya nani. Mwambie tu, "Asante, ngoja kodi yangu iishe kwanza." Mwenye nia njema atangoja. Kama ni tamaa ya kukumiliki, utaiona usoni papo hapo.

Pesa

Mzinga wa kwanza huwa mdogo makusudi. Shilingi elfu tano ya vocha, inarudishwa kesho yake. Kisha elfu ishirini, nayo inarudi. Baada ya hapo ndipo inakuja laki na nusu au zaidi, ikiwa na dharura isiyokupa muda wa kufikiri: mzigo umekwama Tunduma, gari la mbao limekamatwa, mpunga uko Kyela lakini hela ya usafiri imepungua. Hadithi hizo zinaaminika kwa kuwa mambo hayo hutokea kweli; foleni ya malori Tunduma kila mtu anaijua. Kwa hiyo usibishane na hadithi, uliza vitu vidogo: namba ya gari, mzigo ni wa nini, wakala wake wa forodha ni nani. Mfanyabiashara wa kweli anajibu bila kufikiri, tena atakuchosha kwa maelezo. Tapeli anahama haraka kwenye hisia: "kumbe huniamini?" Jiulize pia kwa nini mtu mwenye madalali, wenzake wa biashara na ndugu zake aje kwako mliyefahamiana mwezi uliopita.

Jina lake la kwenye laini unaweza kulijua bila kutoa senti. Anza kumtumia hela kwa simu kama kawaida. Kabla ya kuthibitisha, jina la aliyesajili namba litatokea. Lisome, kisha ghairi. Likiwa jina tofauti, muulize kwa upole, maana wapo wanaotumia laini ya kaka au mama. Jibu likibadilika mara mbili, basi.

Usimsajilie mtu laini kwa kitambulisho chako cha NIDA, hata akikuambia simu yake imeibiwa na kesho atakurudishia. Mtu akitapeliwa kwa namba hiyo, polisi watakuja kwako. Piga *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa jina lako. Vilevile usimchukulie mkopo kwenye kikoba wala ule wa riba kali wa kausha damu. Hao hawamjui yeye, wanakujua wewe, na kitanda kitakachobebwa ni chako.

Kwa wanaume, kipimo kilichozoeleka ni nauli unayomtumia aje kukuona. Anayekula nauli mara moja huenda alipata dharura kweli. Akila mara ya pili, anaishi kwa nauli. Dawa yake ni rahisi: usitume hela, mkatie tiketi wewe mwenyewe, au mkutane katikati kila mtu akijilipia. Anayekutaka wewe atapanda gari. Anayekutumia ujumbe wa "na ya kutolea usisahau" kabla hata ya salamu, unajua anachokitaka.

Je, ana mwenzake?

Kupekua simu yake hakukusaidii. Wenye mambo mawili wana simu mbili, na wewe unazoea tabia usiyotaka kufanyiwa. Angalia ratiba. Je, simu yake hufa kila Jumapili na kila mwisho wa mwezi anapodai yuko kijijini? Je, mnaonana gesti tu, au Uyole wakati anaishi Mbalizi? Omba kufika kwake mchana, bila kuandaliwa wiki nzima. Majirani wa nyumba ya kupanga hawajui kuficha: ukisalimia, "Hamjambo mama?", utaona kama wewe ni mgeni wa kawaida au ni habari ya mjini.

Kutokupeleka kwa wazazi mwezi wa pili si dalili mbaya. Familia nyingi huku hazitambulishwi mpenzi. Kinachopelekwa nyumbani ni posa. Ila ndugu wa rika lake, wenzake wa kazini, na marafiki wa siku nyingi unapaswa kuwafahamu ndani ya miezi mitatu. Mtu asiyejulikana na yeyote unayemjua ana sababu.

Sheria nayo inasaidia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa kwa msajili siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mwanamume aliye kwenye ndoa ya mke mmoja, kama ile ya kanisani, hawezi kufunga nyingine wakati hiyo ipo. Kwa hiyo mchumba anayetaka ndoa lakini anaruka matangazo, au anataka yafanyike mji ambao hakuna anayemjua, mwulize kwa nini. Na anayesema "tuishi tu kwanza": mkiishi pamoja miaka miwili na watu wakawatambua kama mume na mke, sheria hiyo hiyo inadhani mmeoana, lakini ni dhana inayoweza kupingwa mahakamani. Usiitegemee kama cheti.

Mwangalie akiwa na wengine

Wengi wanashauri umtazame anavyomtendea mhudumu wa hotelini. Hicho ni kipimo chepesi, siku ya kwanza kila mtu ana adabu. Mwangalie anavyozungumza na mtu anayemdai: fundi nguo, dobi, mwenye nyumba. Kama ana mtoto Vwawa au Njombe, uliza anamtumia matumizi lini na kiasi gani. Mtu anayemwadhibu mtoto kwa sababu amekosana na mama yake atafanya hivyo kwako siku moja. Kuhusu waliopita, akikuambia wote walikuwa malaya au vichaa, wewe ni wa tatu katika orodha.

Mwone pia akiwa amelewa, iwe ni ulanzi wa masika au bia. Wengine hulala, wengine huimba. Anayetukana, anayevunja glasi, anayekushika mkono mpaka alama inabaki, asikuambie kesho yake kuwa pombe ndiyo iliyofanya hivyo. Angalia kama aliwafanyia hivyo na wanaume wenzake wenye nguvu pale kilabuni. Mara nyingi hakuwagusa, kwa hiyo akili alikuwa nayo.

Kupima

Katika utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 na zaidi yalikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Pimeni pamoja, kila mmoja asikie majibu ya mwenzake, kisha mrudie baada ya miezi mitatu kwa sababu maambukizi mapya yanaweza yasionekane mwanzoni. Hadi hapo, kondomu. Mtu anayekuambia mwenyewe kuwa anaishi na VVU na anameza dawa si wa kumkimbia; akitumia vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo, haambukizi kwa ngono. Wa kumwogopa ni yule ambaye kila mkipanga siku ya kupima ana safari.

Ukiamua kuondoka

Akikukaba shingo hata mara moja, usisubiri kipimo kingine. Kukabwa ni miongoni mwa dalili kubwa kwamba mtu anaweza kuja kuua, hata kama hakuacha alama. Nenda hospitali, chukua fomu ya PF3 polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Vitisho vya maandishi usivifute. Vipige picha na umtumie mtu unayemwamini, hasa kama anatishia kusambaza picha zako za faragha.

Kabla ya kutamka kwamba imeisha, toa kwanza vitu vyako vya maana: vyeti, kitambulisho, kadi ya benki. Badilisha namba ya siri ya simu na ya pesa, na fungua WhatsApp sehemu ya vifaa vilivyounganishwa uone kama meseji zako hazisomwi kwenye simu nyingine. Kama anakutisha, mwambie kwa simu ukiwa kwa ndugu, usimfuate kwake. Kama hakutishi, kaeni sehemu yenye watu, mchana, na sema kwa sentensi moja bila mjadala. Wajulishe dada, jirani na mwenyekiti wa mtaa.

Ataomba mwonane mara ya mwisho, mrudishiane vitu. Vitu vyake mfungie kwenye mfuko, mpe bodaboda unayemfahamu avipeleke. Vyako vilivyobaki kwake, kama ni sufuria na blanketi, achana navyo. Kama ni kitu cha thamani, nenda na kaka yako au mjumbe, mchana, na bajaji ikingoja nje.