SOMO: Kula safi na vyakula vya pakiti, kipi kiingie kikapuni na kipi kibaki dukani

Wakuu habari za wikiendi. Kila tukigusa hii mada ya kula safi, yani vyakula vya asili visivyosindikwa sana, lazima atokee mmoja wa kusema "kitu cha pakiti achana nacho", halafu huyo huyo asubuhi kaamkia maziwa ya pakiti, chumvi yake ya pakiti na mchele kaununua umefungwa kwenye nailoni kilo tano. Pakiti haina kosa jamani. Kama kuna kosa liko ndani, na cha ndani kimeandikwa mgongoni, sema maandishi madogo na sisi tuna haraka.

Hatua ya kwanza, GEUZA. Mbele ni tangazo, pale utakuta picha ya embe, neno asilia, majani ya kijani, usisome hata herufi. Mimi karibu mwaka mzima nilikuwa nanunua mkate wa brauni najiona mtu wa afya, siku moja foleni ya kaunta haisogei nikaugeuza: unga wa ngano, maji, sukari, mafuta, hamira, chumvi, rangi ya karameli. Yani mkate ule ule mweupe umepigwa rangi! Na nilikuwa naulipia zaidi. Toka siku hiyo natafuta ngano isiyokobolewa na iwe ya kwanza kwenye orodha.

Kwa nini ya kwanza? Ndio hatua ya pili. Viambato vinapangwa kwa uzito, kilichotiwa kingi kinaanza, kidogo kinafuata mpaka mwisho. Kwaiyo angalia vitatu vya mwanzo, hivyo ndio chakula chenyewe. Siagi ya karanga ikisema karanga na chumvi, beba. Ikisema karanga, sukari, mafuta ya mboga yaliyogandishwa, hapo umeuziwa kitu kingine. Ila kuna ujanja mmoja, sukari ina majina mengi, glukosi, dekstrosi, fruktosi, sirapu ya mahindi, mpaka juisi iliyokolezwa, na mtengenezaji akitia aina tatu kidogo kidogo kila moja inashuka chini ya orodha wakati ukizijumlisha zingekaa juu kabisa. Mkiona majina mawili matatu ya huo ukoo, shtukeni.

Hatua ya tatu ni hesabu, na wengi mnaikimbia. Soma safu ya gramu 100, sio ile ya "kipimo kimoja", manake kipimo wanakipanga wao, utakuta biskuti mbili, nani anakula biskuti mbili? Gramu 4 za sukari ni kama kijiko kimoja cha chai. Chukua yogati ya stroberi ya nusu lita, lebo inasema sukari gramu 12 kwa kila gramu 100, kikombe kizima kinakaribia gramu 60. Tuwatendee haki, maziwa yana sukari yake ya asili kama gramu 5 kwa kila gramu 100, kikombe kizima ni 25, toa hiyo, bado gramu 35 zimetiwa, vijiko karibu 9. Shirika la Afya Duniani wanasema sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikishuka mpaka 25 ndio bora. Mtindi mtupu ukamenyea ndizi mwenyewe unapata utamu ule ule.

Chumvi wanaiandika sodiamu kwa miligramu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Tambi za dakika mbili zikisoma miligramu 800 kwa pakiti, hizo ni gramu 2 za chumvi, na kikomo cha siku nzima ni chini ya gramu 5. Vile vidonge vya mchuzi sisemi kitu, vingi kiambato cha kwanza ni chumvi yenyewe.

Hatua ya nne: jiulize hivi vitu jikoni kwangu vipo? Wabrazili wa Chuo Kikuu cha São Paulo, timu ya Carlos Monteiro, toka 2009 wanagawa vyakula kwa jinsi vilivyosindikwa, siku hizi mafungu manne, na maharage ya kopo hawayaweki kapu moja na soda. Mimi naikubali hiyo, dagaa waliokaushwa wakafungwa ni dagaa.

Haya maswali.

Mkuu, mimi narudi nyumbani saa mbili usiku, nyanya ya kopo ni dhambi?
Hapana. Ikiwa ni nyanya, chumvi kidogo na asidi ya sitriki (E330, uchachu ule ule wa ndimu) pika ulale. Sosi nyekundu ya chipsi ndio nyingine, ile sukari iko nyingi.

Kwahiyo E zote sio sumu?
Sio. E300 ni vitamini C, E500 ni magadi ya kuokea. Usiogope namba, ogopa orodha ndefu ya rangi na ladha kwenye kitu ambacho kingepaswa kuwa na viambato viwili.

Sembe yangu imeandikwa zinki, chuma na asidi ya foliki, nimeacha kula.
Rudi ule dada yangu, hivyo ni virutubishi vinaongezwa makusudi. Dona ni bora kwa nyuzinyuzi lakini sio kwa sababu hiyo.

Siagi ya karanga ya mtaani haina lebo wala kemikali, si ndio safi zaidi?
Hapa nitakuwa mkali kidogo. Karanga na mahindi yakihifadhiwa na unyevu yanaota ukungu unaoacha sumu, ndio sumukuvu, huioni na kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi ya nyumbani kabisa. Kama unanunua mtaani mjue anayesaga, mwambie akuonyeshe karanga kabla ya kusaga, zilizosinyaa na zenye ukungu zitolewe.

Mama ana kisukari, namletea biskuti zisizo na sukari, sawa?
Ngano bado ni wanga na wanga unapandisha sukari. Soma mstari wa kabohaidreti zote, na kiasi chake waulizeni kliniki anakohudhuria, sio mimi.

Juisi za boksi?
Tafuta asilimia. Ikiandikwa nekta ujue tunda limechanganywa na maji, na mara nyingi sukari.

Na bia mkuu? 😂
Maji, shayiri, hopsi (maua yanayoipa uchungu), hamira, nyingine mahindi. Kwa hatua zangu zote nne imepita, kwaiyo mjue hatua zangu zina matundu.