Kuikinga injini kongwe ya boti dhidi ya chumvi, hatua kwa hatua

Chumvi huila injini ya boti, ile ya kufungwa nyuma, ikiwa imepumzika. Maji ya bahari yanayobaki kwenye njia za kupoozea hukauka na kuacha chembe, nazo huvuta unyevu na kuendelea kuila alumini. Injini ya zamani kasha lake likitoboka, mara nyingi hupati jingine. Kwa hiyo usiruke hatua ya kwanza hata ukirudi umechoka.

1. Iendeshe kwenye maji matamu. Vua panga boi. Weka pipa mahali pa wazi penye hewa, injini ikae wima, na maji yazidi matundu ya kuvutia maji na pampu yenyewe. Washa kwa mwendo wa chini, bila gia, dakika 10 hadi 15. Wengi huzima mapema mno. Thamostati (vali inayofunguka injini ikipata joto) ikiwa bado imefunga, maji hayazunguki vizuri kwenye silinda, na huko ndiko chumvi inakoganda. Ngoja maji ya kupoozea yatoke na uvuguvugu. Usiiwashe kabisa pakavu: impela ya mpira, panga dogo la pampu ya maji, huharibika kwa sekunde chache.

2. Iache wima hadi maji yaishe kuchuruzika. Ukiilaza mapema, maji yanaweza kurudi kwenye silinda.

3. Fungua kifuniko. Futa kwa kitambaa chenye maji matamu, kausha, kisha nyunyizia mafuta mepesi ya kuzuia kutu. Maji ya presha yasiguse hapa.

4. Kagua anodi, kipande cha madini kilichofungwa kwenye kasha. Kipande hiki huliwa ili kasha lisiliwe, basi kukiona kimechakaa ni dalili nzuri. Ikiisha nusu, badilisha. Baharini tumia ya zinki au ya alumini. Ya magnesiamu ni ya maji matamu, chumvi huimaliza upesi. Kwangua inapogusana na kasha hadi alumini ing'ae, na usiipake rangi kamwe: ikifunikwa haifanyi kazi.

5. Chunguza boliti. Rangi ikivimba kuzunguka kichwa cha boliti ya stenlesi, ikwangue. Chini utakuta unga mweupe. Hiyo ni alumini inayoliwa kwa kugusana na stenlesi ndani ya chumvi. Toa boliti, sugua kwa brashi ya nailoni (ya chuma huacha chembe zinazoshika kutu), paka praima (rangi ya msingi) ya alumini, kisha rangi. Rudisha boliti ikiwa na grisi ya baharini kwenye nyuzi zake zote. Mimi huzipaka hata zile zinazoonekana nzima, maana boliti iliyoganda hukatikia ndani. Rangi ya kuzuia chaza yenye shaba isikaribie kasha.

6. Pima oili ya giaboksi. Injini ikiwa imesimama usiku kucha, legeza kidogo skrubu ya chini. Yakitangulia maji, au oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, sili, yaani mipira ya kuzuia maji yasiingie, zimekwisha. Badilisha sili na oili kabla ya kurudi majini, la sivyo beringi na gia zitashika kutu.