Kufunga nzi wa samoni kwa maji haba ya vuli: nywele chache, ndoana nyepesi

Mto ukipungua mwezi wa Septemba hadi mawe ya katikati yakatoa migongo, samoni hupata nafasi ya kukagua kila kinachompitia. Maji ni maangavu na mkondo ni wa polepole. Nzi bandia, yaani chambo cha manyoya na nywele kilichofungwa kwenye ndoana, akijazwa manyoya ya kufaa maji makubwa ya Machi, hapo humtisha samaki. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kufunga nzi mmoja, Stoat's Tail ("mkia wa kicheche") mwembamba, kisha jinsi ya kuchagua saizi na rangi kwa mito ya Uskoti tangu Septemba hadi msimu ufungwe. Ukimmudu huyu, nzi wengine kama Blue Charm na Hairy Mary hawatakusumbua, maana ufungaji wao ni ule ule.

Samoni wa Atlantiki akishaingia mtoni kutoka baharini hali tena chakula. Hudaka nzi kwa hasira au kwa silika tu, kwa hiyo usihangaike kuiga mdudu fulani. Unachotafuta ni kitu kidogo, chepesi, kinachotikisika chini kidogo ya uso wa maji. Arthur Wood aliyekuwa akivua Cairnton, kwenye mto Dee, mwanzoni mwa karne ya 20, alijulikana kwa kuvua hivyo: nzi wembamba mno kwenye ndoana za waya mwembamba, na mshipi uliopakwa mafuta ili uelee.

Vifaa

Jiliwa la kufungia nzi, mkasi wenye ncha kali, sindano, na bobini yenye uzi mweusi mwembamba uliopakwa nta. Ndoana iwe ya maji haba: shina refu, waya mwembamba, kitundu kilichopindwa juu, saizi 8 au 10. Kumbuka kwamba namba ikipanda ndoana inapungua: 12 ni ndogo kuliko 8. Uwe pia na uzi bapa wa hariri mweusi kwa mwili, utepe wa fedha wa mviringo ulio mwembamba, unyoya mmoja wa manjano wa kishungi cha ndege aitwaye fezanti wa dhahabu kwa mkia, unyoya mweusi wa shingo ya jogoo kwa ndevu (nyuzi za chini ya shina), na mkia wa kindi uliotiwa rangi nyeusi kwa bawa. Mkia wa kindi umechukua nafasi ya ule wa kicheche, na kwa samaki hakuna tofauti.

Hatua ya 1: bana kijino kabla ya yote

Kilaze kijino cha ndoana, kile kinachozuia samaki asichomoke, kwa koleo ndogo kabla hujafunga hata uzi mmoja. Ndoana nyingine huvunjika hapa. Ikivunjika sasa umepoteza ndoana tupu. Ikivunjika baadaye umepoteza nzi mzima. Mwenye sehemu ya mto mara nyingi atakudai ndoana isiyo na kijino, na samaki wa vuli wengi hurudishwa majini, kwa hiyo kazi hii haikwepeki.

Hatua ya 2: mipaka ya mwili

Ibane ndoana kwenye jiliwa kwa mpindo wake, shina likiwa sambamba na meza. Anza uzi milimita 2 nyuma ya kitundu. Nafasi hiyo ni ya kichwa, usiiguse tena hadi mwisho. Zungusha uzi kwenda nyuma hadi katikati ya shina, usimame hapo. Nusu ya nyuma ya ndoana itabaki tupu. Wanaoanza huona nzi huyu kama hajakamilika na huendeleza mwili hadi juu ya mpindo. Wakifanya hivyo wanampa samaki nzi mkubwa. Faida ya kufunga namna hii ni kwamba samaki anaona nzi wa saizi 12, nawe unamshika kwa ndoana ya saizi 8.

Hatua ya 3: mkia na mwili

Zungusha utepe wa fedha mara tatu pale uliposimama, ufunge, na uache kipande kinaning'inia. Funga unyoya wa manjano juu yake ukipinda kwenda juu, usizidi urefu wa mwili. Funga hariri, kisha izungushe kuelekea kitundu, ikiwa bapa muda wote. Ikianza kujisokota itatoa vifundo. Izungushe kinyume kati ya vidole hadi ilale tena. Sasa pitisha utepe ulioning'inia juu ya hariri mizunguko minne, kwa mwelekeo ulio kinyume na wa hariri. Ukiuzungusha upande ule ule, utazama kati ya nyuzi, na jino la kwanza la samoni litaifumua hariri yote.

Hatua ya 4: ndevu

Chomoa nyuzi sita hadi nane za unyoya wa jogoo, zilinganishe ncha, uzifunge chini ya shina. Ziishie nusu ya mwili. Kwa nzi wa vuli mwenye joto zaidi wa rangi, tumia nyuzi za rangi ya chungwa hapa na uache vingine vyote vyeusi.

Hatua ya 5: bawa

Hapa ndipo nzi wengi huharibika. Kata kifungu cha nywele za kindi chembamba kuliko unavyodhani kinatosha, kisha ondoa nusu yake. Zikibaki nywele 15 hadi 20, umefika. Shika ncha kwa vidole na uchane sufi iliyo chini kwa sindano. Sufi ikibaki hunyonya maji, na bawa hugandamana likawa kama kijiti. Usikate ncha za nywele hata kidogo: ncha asilia ndizo zinazotetemeka majini.

Pima urefu: bawa liishie pale mkia unapoishia. Likipita mpindo wa ndoana litajinyonga kwenye ncha wakati wa kurusha, na nzi ataogelea ubavu. Weka tone dogo la vanishi kwenye mashina ya nywele, zilaze juu ya shina la ndoana, funga mizunguko miwili laini, na wa tatu kaza ukivuta moja kwa moja juu. Ukivuta kwa upande nywele zitazunguka shina. Ongeza mizunguko mitano, kata mabaki kwa mshazari, ufunike.

Hatua ya 6: kichwa

Kiwe kidogo, mfano wa punje ya mtama. Funga fundo la kumalizia, paka vanishi nyembamba mara tatu ukingoja ikauke kila mara, na toboa kitundu kwa sindano kabla haijakauka. Vanishi iliyoganda kwenye kitundu hukata uzi wa nailoni.

Kabla ya kumkubali, mtumbukize nzi kwenye glasi ya maji, nyuma yake weka karatasi nyeupe. Utepe wa fedha lazima uonekane kupitia bawa. Usipouona, chomoa nywele tano, ujaribu tena.

Kuchagua mtoni

Tazama kipimajoto kwanza, rangi baadaye. Maji ya nyuzi 12 hadi 15 za Selsiasi na mto mwembamba: anza na saizi 12, mweusi. Nyuzi zikishuka kati ya 8 na 12, chukua ndoana kubwa zaidi, saizi 10 au 8. Chini ya nyuzi 8 samaki anazembea, na hata maji yakiwa haba nzi mkubwa kidogo, saizi 6, akipita taratibu na chini zaidi, huwa bora. Jua likiwaka juu ya maji, mwili wa fedha, yaani Silver Stoat, unafanya kazi vizuri; jioni rudi kwa mweusi na uongeze saizi moja. Mvua ikipandisha mto kwa sentimita chache na kuutia rangi ya chai, hiyo ni saa ya Cascade, nzi mwenye rangi ya chungwa. Saa hizo hazidumu, kwa hiyo awe tayari kisandukuni.

Siku ya upepo, majani yakielea kwa wingi, acha ndoana za ncha mbili na tatu. Hukusanya jani karibu kila mrusho, na nzi mwenye jani havui kitu. Ndoana ya ncha moja hupita.

Tumia uzi wa nailoni unaohimili ratili 8 hadi 10, urefu wa mita 4, kwenye mshipi unaoelea. Funga fundo linalokaza nyuma ya kitundu, kwenye shingo ya nzi, si kwenye kitundu chenyewe. Ndivyo nzi mwepesi anavyoogelea akiwa amenyooka. Tafuta samaki pale maji yanapoingia kwa kasi kichwani mwa dimbwi, kwenye hewa nyingi. Akidaka, usivute fimbo. Mwache ageuke, mshipi ukazwe na uzito wake, ndipo unyanyue. Ndoana nyembamba ikivutwa mapema huchomoka mdomoni.

Angalia tarehe: mto Spey hufungwa 30 Septemba, Dee na Tay 15 Oktoba, Tweed 30 Novemba, na Jumapili hakuna kuvua samoni popote Uskoti. Jike mwenye mayai asitolewe majini. Mwondolee ndoana akiwa ndani ya wavu na umshike akielekea mkondo hadi aondoke mwenyewe.

Jambo la mwisho ambalo maji haba huleta: kokoto za ufukweni zimebaki wazi nyuma yako, na mrusho ukishuka chini ncha ya ndoana hugonga jiwe bila wewe kusikia. Kila baada ya mirusho michache, kokota ncha juu ya ukucha wa dole gumba. Ikiteleza bila kukwaruza, inoe au ubadilishe nzi.