Kuzuia bata wa nyumbani wasizaliane ndugu kwa ndugu

Katika boma nyingi za Uganda, kundi la bata huanza na dume mmoja na majike wachache, na baada ya miaka michache dume huyo huwa anawapanda binti zake na hata wajukuu zake. Kifaranga wa baba na binti, sawa na wa ndugu wa baba na mama mmoja, ana kiwango cha uzazi wa karibu (uwezekano wa kurithi nakala mbili za jeni ileile kutoka kwa mzazi mmoja wa nyuma) cha asilimia 25. Dalili zake ni mayai yasiyoanguliwa, vifaranga dhaifu na ukuaji wa polepole.

Idadi ya madume ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Dume mmoja na majike watano, kwa hesabu ya urithi, hupoteza utofauti wa damu kwa kasi sawa na kundi la bata watatu tu na kitu. Ukiongeza dume wa pili asiye ndugu yake, wanakaribia sita. Kwa hiyo badilisha dume kila mwaka, na usimchukue kwa jirani, kwani huenda bata wake walitokana na wako. Aliye Arua atafute dume mbali, hata Gulu. Mgeni atengwe wiki mbili hadi nne kabla ya kuchanganywa.

Vifaranga wa kila jike wavishwe pete ya rangi yake mguuni, ikibadilishwa wanapokua, na daftari liandikwe.

Kuchanganya bata wa Muscovy (wale wenye nyama nyekundu usoni) na bata wa kawaida si dawa: watoto wao huwa tasa.